Leseni ya uuguzi ninayo, chuo kinadai "usajili wa ukufunzi". Waliopita njia hii Mtwara na Lindi, naomba mwongozo

Binti wa Mikindani

Habari za jioni wakuu. Wakubwa shikamooni.

Mimi ni muuguzi. Nilianza na stashahada, mwaka juzi nikamaliza shahada kwa kujibana sana, mshahara unaingia asubuhi jioni umeshakwenda kwenye ada. Kazini nina miaka tisa: mitano zahanati, huko ndani Tandahimba ambako ukigongewa usiku unatoka na tochi na kanga begani, na minne hospitali ya wilaya.

Sasa kuna chuo kimoja cha afya (jina tuliache) kimeniita nikafundishe kozi ya Afya ya Jamii ngazi ya cheti. Moyo ukaruka, maana kazi ya zahanati ndiyo hiyo hiyo: uzazi salama, chanjo, lishe, vyoo, kutembelea kaya. Nikajua hapa nimefika.

Nikaenda na bahasha yangu. Mtaaluma akapitia vyeti kimoja kimoja, akasema, "Hivi safi. Usajili uko wapi?" Nikampa leseni. Akasema, "Siyo huu dada." Nikampa cheti cha usajili wa Baraza la Uuguzi na Ukunga. Akatabasamu, wala si kwa dharau, akasema na huo pia siyo, anataka usajili wa ukufunzi. Kisha akaniuliza kama nimesomea ufundishaji. Nikamjibu kwamba nimefundisha wanafunzi wa vitendo wodini miaka minne. Akafunga bahasha akanirudishia.

Hapo ndipo nilipokwama. Huo usajili unatolewa na nani, unaanzia wapi, na hilo la kusomea ufundishaji lina maana nirudi chuoni tena? Nina watoto wawili na mama anayenitegemea. Nisaidieni.

Korosho Ghafi

Uuguzi wanasema ni wito, ualimu nao wanasema ni wito. Dada umeitwa mara mbili, nenda tu 😀

Naweka kigoda hapa nasubiri wajuzi. Ming'oko, viazi vyetu vya porini, iko jikoni.

Mzee wa Chikongola

Marahaba mwanangu. Nimestaafu ukufunzi, mengi yamebadilika tangu nitoke, lakini mzizi wa jambo ni ule ule, acha nikueleze polepole.

Kuna madaftari mawili na unatakiwa uwe kwenye yote mawili. Daftari la kwanza ni la taaluma yako. Linasema wewe ni muuguzi kweli na unaruhusiwa kumgusa mgonjwa. Kwako hilo ni Baraza la Uuguzi na Ukunga, kwa Sheria ya 2010. Mwenzako angekuwa tabibu angekwenda Baraza la Madaktari Tanganyika, Sheria ya 2017. Afisa afya mazingira naye ana baraza lake, Sheria ya 2007. Kozi ya afya ya jamii hufundishwa na watu wa taaluma hizi zote, ndiyo maana ukiingia chumba cha wakufunzi unakuta mchanganyiko, na kila mmoja na cheti chake cha rangi yake.

Daftari la pili ni la ualimu, na hilo liko NACTVET, yaani Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi. Sisi wa zamani bado ulimi unasema NACTE, maana lilizaliwa kwa jina hilo kwa sheria ya 1997, na mwaka 2021 ndipo likabeba na ufundi stadi, jina likarefuka. Najua swali linalokuja: nesi na ufundi wapi na wapi? Neno "ufundi" katika sheria ile halimaanishi nyundo na misumari. Ni elimu yote ya kuandaa mtu kwa kazi maalumu nje ya mfumo wa vyuo vikuu. Nesi yumo, tabibu yumo, mhasibu yumo. Kwa hiyo katika daftari lao wewe utaandikwa kama mwalimu wa ufundi, usishtuke ukiona hivyo.

Mtaaluma aliyekurudishia bahasha hakukuonea. Baraza likija kukagua chuo linauliza kila anayesimama darasani ni nani, kasoma nini, anafundisha moduli gani. Chuo chenye wakufunzi pungufu au wasio na sifa kinaweza kuzuiwa kudahili kozi hiyo. Yule bwana alikuwa anaona ithibati ya chuo mbele ya macho yake.

Kuhusu ngazi. Baraza hilo linapanga tuzo zake kwa namba, zinaitwa NTA. Cheti anachokuitia kina NTA 4 na NTA 5, stashahada ni NTA 6, shahada ni NTA 8. Desturi ni kwamba anayefundisha awe ngazi ya juu kuliko anayemfundisha, na shahada yako inakuweka mahali pazuri. Ungekuwa na stashahada peke yake ningekwambia pa kuanzia ni kusimamia vitendo chini ya mkufunzi mwingine.

Sasa hilo la kusomea ufundishaji, ambalo naona ndilo linakuuma. Kwa vyuo vyetu vya afya jina unalopaswa kulijua ni CEDHA, kule Arusha. Kazi yake ni kuwaandaa watu wa afya wawe walimu. Nilipita pale nikiwa na kiburi kama chako (usikasirike), najua malaria, najua kuzalisha, mtu atanifundisha nini? Siku ya tatu nikaambiwa niwafundishe wenzangu kwa dakika kumi jinsi ya kuchanganya ORS, ile dawa ya unga ya mtu anayeharisha, nyumbani. Nilizungumza dakika kumi na nane, sikushika hata pakiti moja, na nilipomwita mmoja wao aje atengeneze, akamimina pakiti nzima kwenye glasi. Mtu mzima, tabibu! Alikuwa ananitania, lakini alikuwa amefuata maneno yangu kama nilivyoyatamka. Nilikuwa sijataja lita moja ya maji.

Mitaala yetu inadai umahiri. Mwanafunzi hapimwi kwa alichokariri, anapimwa kwa anachoweza kufanya. Kwa hiyo utajifunza kuandika mpango wa somo, kutengeneza jedwali la kutahini ili mtihani usiegemee mada uliyoipenda, na kumpima mtu akiwa anatenda huku una orodha ya hatua mkononi. Wodini hayo hukuyafanya. Wodini ulikuwa unasema "njoo uone ninavyofanya". Ni kitu kizuri, ila hakitoshi.

Binti wa Mikindani

Asante sana baba yangu. Kiburi nimekubali, nimecheka peke yangu hapa kivukoni Msangamkuu watu wakaniangalia.

Ila Arusha! Kutoka huku ni safari ya siku mbili kwenye basi. Nani atabaki na watoto?

Mwera wa Mtama

Dada, mimi ni afisa afya mazingira, nafundisha huku Lindi mwaka wa tano sasa. Nilikuwa na swali lako hilo hilo na mke wangu alikuwa na ujauzito wa miezi saba. Nenda waulize wenyewe kozi za ufundishaji walizonazo ni za muda gani, maana zipo fupi na zipo ndefu, usihukumu kabla hujauliza. Na muulize mwajiri wako mpya kama atakulipia au walau atakuruhusu uende wakati wa likizo ya wanafunzi. Vyuo vingine vinakubali kukuchukua huku ukiendelea kujipanga, mradi usiachiwe moduli peke yako.

Lakini kilichonitesa mimi hakikuwa Arusha. Kilikuwa jina.

Cheti changu cha kidato cha nne kina majina mawili, la kwangu na la baba. Cha stashahada kina matatu. Kwenye kitambulisho cha NIDA karani aliandika jina la babu kwa herufi tofauti, kaongeza "i" mwishoni, na mimi wakati ule nikaona "i" moja ina nini. Wewe wa Pwani unajua: Saidi na Said, Hamisi na Khamis, Bakari na Abubakari, kwetu ni mtu yule yule. Kwenye mfumo ni watu wawili. Nikazunguka miezi minne. Wakili wa kiapo, kurudi NIDA, kurudi chuo nilichosoma, na kila dirisha linaniambia anza na dirisha lile.

Kwa hiyo kabla hujafungua mfumo wowote, leo usiku weka vyeti vyako vyote sakafuni, kuanzia cha kuzaliwa hadi cha shahada, leseni na NIDA, usome majina herufi kwa herufi. Ukiolewa ukabadilisha jina kazini, hilo nalo liangalie. Rekebisha kwanza. Kisha skani kila kitu vizuri, vyeti na matokeo yake yote, pande zote mbili, siyo picha ya simu yenye kivuli cha kichwa chako. Kama shahada ungekuwa umesoma nje ya nchi ningekwambia upitie Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) wakaitambue, lakini naona umesoma nyumbani.

Na ofisi ya kanda ya NACTVET iko hapo hapo Mtwara mjini. Watu wengi hawajui, wanapanda basi kwenda Dodoma. Nenda kwa miguu yako uulize.

Nesi Mkorofi

Samahani nitakuwa tofauti na wazee wangu.

Haya makaratasi yanatuletea wakufunzi wenye vyeti vya kufundisha ambao hawajawahi kulala kijijini hata usiku mmoja. Mimi nilisoma afya ya jamii chini ya mkufunzi aliyesajiliwa kila mahali. Somo la vyoo alilisoma kutoka kwenye karatasi zilizopauka, mifano yote ya mahali ambako maji yanatoka bombani. Sisi ni watu wa uwanda wa Makonde! Huku maji yalikuwa yanafuatwa bondeni kwa kushuka na kupanda, watu wanayahifadhi kwenye mapipa na visima vya mvua uani.

Na hilo la kuhifadhi maji ndilo somo lenyewe. Chikungunya dunia nzima wanaijua kwa jina la Kimakonde, maana yake mtu anajikunja, anapinda kwa maumivu ya viungo. Iligunduliwa huku huku kwetu, mlipuko wa 1952 na 1953 upande wa Newala. Mbu wake anauma mchana na anazaliana kwenye maji yaliyotulia majumbani. Mkufunzi wangu aliitaja kwenye mstari mmoja kama ugonjwa wa Asia. Darasa zima la watoto wa Newala, Tandahimba na Nanyamba tukaandika "Asia".

Mpeni huyu dada darasa. Miaka mitano ya zahanati ya Tandahimba ni usajili tosha.

Korosho Ghafi

Hapo kwenye Asia nimeumia.

Mzee wa Chikongola

Mkorofi mwanangu, kisa chako ni cha kweli, nimekiona kwa macho mara nyingi kuliko wewe. Ila angalia unachokisema. Yule mkufunzi hakuharibu kwa sababu alisomea ufundishaji. Aliharibu kwa sababu alisahau alichofundishwa siku ya kwanza, kwamba somo linaanza na mwanafunzi anatoka wapi.

Mimi 1973 nilikuwa darasa la tatu. Ndiyo mwaka wa kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima karibu milioni mbili nchi nzima walikaa kwenye vikundi wakisikiliza redio na kusoma vitabu vyao, kisha wakainuka wakachimba vyoo na kufyeka nyasi kuzunguka nyumba. Kikundi cha kijiji chetu kilikaa chini ya mkorosho. Kiongozi wake hakuwa daktari wala nesi, alikuwa mkulima aliyesoma darasa la nne, lakini alikuwa amepewa mafunzo ya namna ya kuongoza kikundi: sikiliza, soma, jadilini, amueni mtafanya nini. Hatua nne tu. Baba yangu alichimba choo wiki ile. Bwana afya alikuwa amempigia kelele achimbe miaka mitatu bila mafanikio!

Kujua jambo na kujua kumfikisha mtu kwenye jambo ni stadi mbili. Huyu binti anayo ya kwanza. Nataka apate ya pili, awe na zote, asije akaandikisha watoto "Asia".

Na kuna sababu nyingine ya kutolegeza. Mpango wa serikali wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024 una lengo la wahudumu 137,294 kwa miaka mitano. Mafunzo yao ni ya miezi sita. Miezi sita ni michache, wanaowafundisha wakiwa wababaishaji, mhudumu ataingia kwenye kaya akiwa na fulana na begi tu.

Nesi Mkorofi

Shikamoo mzee. Nimepunguza ukorofi kidogo. Si wote.

Mtaaluma Kimya

Nafanya kazi ofisi ya taaluma kwenye chuo binafsi, sitasema mkoa gani kati ya hii miwili. Nilikuwa nasoma tu, lakini kuna jambo hakuna aliyemwambia huyu dada na ni kubwa kuliko majina.

Mnaijua kangomba. Mkulima ana shida ya hela kabla ya mnada, anakuja mtu anamnunulia korosho kichakani kwa bei ya kutupa. Sasa ipo kangomba ya vyeti. Ukishasajiliwa kama mkufunzi, utapigiwa simu na mtu mwenye sauti tamu: "Dada, hatuhitaji uje kila siku. Tupe tu nakala za vyeti na namba yako ya usajili, ukaguzi ukija uwepo, tutakutazama." Maana yake chuo kinataka jina lako likae kwenye orodha ya wakufunzi, darasani asimame mtu mwingine wa bei nafuu au asisimame mtu.

Nimeiona kwa macho. Mkufunzi mmoja jina lake lilikuwa kwenye vyuo viwili, kimoja kiko mbali na kingine zaidi ya kilomita mia. Akaulizwa Jumanne asubuhi yuko wapi. Alishindwa kujibu. Aliyepata hasara ni yeye, chuo kilisema hakijui.

Kwa hiyo barua ya ajira au mkataba uwe nao mkononi kabla jina lako halijaingizwa kwenye orodha ya chuo chochote. Kama ni wa muda, uandikwe ni wa muda, saa ngapi kwa wiki, moduli zipi. Ukiondoka, andika barua ya kuondoka na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Na uuguzi wako usiutelekeze: usajili wa baraza lako ni wa kudumu lakini leseni inahuishwa, na inataka uonyeshe umeendelea kujifunza. Wakufunzi wengi wakishaingia darasani wanaisahau leseni, siku wanampeleka mwanafunzi wodini wao wenyewe hawana ruhusa ya kumgusa mgonjwa.

Binti wa Mikindani

Mtaaluma Kimya, Mungu akubariki. Hiyo simu ya sauti tamu nimeshapigiwa! Juzi. Nilidhani ni bahati.

Mwera wa Mtama

Hahaha. Karibu kwenye ukufunzi.

Nikuongezee la vitendo, maana kozi ya afya ya jamii moyo wake uko vijijini, na ratiba inaandikwa mjini. Mwaka wangu wa pili nilipangiwa kupeleka wanafunzi kutembelea kaya mwezi Oktoba. Kijiji kizima kiko mashambani kinaokota korosho. Tulibisha hodi kaya kumi na nne, tukamkuta bibi mmoja na kuku. Wanafunzi wakaanza kujaza fomu kwa kubuni, na nisingepita nyuma yao ningezipokea. Siku hizi naanza na mtendaji wa kijiji na mhudumu wa afya wa pale, nauliza watu wanarudi saa ngapi, tunaingia saa kumi na moja jioni. Na msimu wa jando na unyago usipange kitu bila kuuliza, utamkuta mwenyeji ana wageni thelathini.

Wapitishe pia kwenye daftari za MTUHA, zile za takwimu za huduma za afya, pale zahanati, wajumlishe wenyewe kwa mkono. Mwanafunzi akishaona kwamba mtoto aliyempima jana ni kijistari kimoja kwenye ukurasa ule, hachezi tena na takwimu.

Binti wa Mikindani

Nimerudi wakuu, wiki ya sita leo. Niliahidi mrejesho kwa watu wa faragha, nauweka hapa wote waone.

Vyeti nilivitandika sakafuni usiku ule ule. Cha kuzaliwa kinasema Mwanahamisi, cha kidato cha nne Mwanahamis. Herufi moja! Nimekula kiapo kwa wakili, NIDA imekaa sawa, chuo changu kimenipa barua. Imenichukua wiki nne na nauli sitaki kuijumlisha.

Ofisi ya kanda nilikwenda. Nilikuta dada mpole, akanikalisha, akanionyesha kwenye kompyuta yake nini kinajazwa wapi na kunitajia viambatisho. Maombi yangu yameingia, nasubiri. Ufundishaji nitakwenda kuusoma likizo ndefu ya wanafunzi, mama mdogo wa Masasi atakuja kukaa na watoto. Chuo hakikukubali kulipa ada ila kimekubali nisikatwe siku nitakazokuwa sipo, na hilo nimelidai liandikwe.

Yule wa sauti tamu nilimwambia anitumie mkataba. Hajapiga tena.

Kwa sasa nimepewa saa sita kwa wiki, nasaidia vitendo chini ya mkufunzi mwenye usajili, jina langu limeandikwa hivyo hivyo, msaidizi. Jumatatu ni kipindi changu cha kwanza: kupima kwa tepe mzunguko wa mkono wa juu wa mtoto, kujua kama ana utapiamlo. Chini ya sentimita 11.5 nyekundu, hadi 12.5 njano, kuanzia hapo kijani. Mzee, nimejipima na saa jikoni, nimetumia dakika tisa na watoto wangu wawili wamepima mwanasesere na kusoma rangi bila mimi kusema kitu.

Tatizo wanafunzi ni arobaini na mbili na chuo kina tepe tatu. Mwenye za ziada hapa mjini, hata za kuazima mpaka Jumatano, naomba anishtue. Nitazifuata mwenyewe.

Nesi Mkorofi

Ninazo kumi na moja Ligula. Njoo Jumapili baada ya saa nane, uje na ming'oko ya Korosho Ghafi.